Acheni kunakili na kubandika hesabu!

Jamani, leo nina hasira kidogo, mtaniwia radhi.

Wiki jana ofisi moja hapa Malindi iliniomba niwakagulie ripoti ya samaki wanaovuliwa. Ukurasa wa 4 unasema wastani wa mvuvi kwa siku ni kilo 6.2. Ukurasa wa 11 unasema kilo 4.8. Nikauliza, ipi sahihi? Kimya. Aliyepiga hesabu alishaacha kazi, na lahajedwali zake ni tatu, zote zimeitwa "mwisho". Na ripoti hiyo ndiyo ya kuamua ni bandari ipi ipewe mtambo wa barafu! Kuna watu samaki wao wataoza kwa sababu ya tarakimu isiyo na mwenyewe.

Dawa ipo, wala si mpya. Donald Knuth alihubiri mwaka 1984 kwamba maelezo na programu vikae pamoja. Mwaka 2002 Friedrich Leisch akawatolea watumiaji wa R Sweave. Mwaka 2012 Yihui Xie akaleta knitr, tukaanza kuandika kwa Markdown, maandishi matupu yasiyo na mbwembwe. Siku hizi kuna Quarto. Huandiki 4.8, unaandika hivi:

Wastani ni kilo `r round(mean(kilo), 1)`.

Tarakimu inajazwa na kompyuta. Data ikibadilika, unaiendesha faili upya na kila ukurasa unabadilika.

Na data hubadilika! Hapo Kilifi, tangu 2000, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamefuatilia wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama katika eneo la kilomita za mraba 891. Idadi kama hiyo haitulii. Ukiichapa kwa mkono leo, kesho imekuumbua.

"Lakini bosi anataka Word." Mpe Word! Pandoc itakutengenezea kutoka faili ileile.

"Ni ngumu." Ngumu kuliko kumweleza mvuvi kwa nini barafu imeenda kwingine?

Sisemi inatibu yote. Data ya uongo itatoa jibu la uongo hata ukiirudia mara mia. Usipoandika ulitumia toleo gani la R na vifurushi vyake, mwakani huenda faili ikagoma. Lakini angalau kosa litakuwa na anwani: faili hii, mstari huu. Mtu yeyote ataliona, atalisahihisha.

Ile ripoti nimewarudishia bila kuipitisha. Wamenuna. Wacha wanune.