Breki ni za Nani?



Hapa Kona Baridi barabara ya Magadi huanza kuteremka Bonde la Ufa, na mteremko ule haumsamehe mtu. Breki za dramu zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Zilizokwisha kulika hazishiki kabisa.

Pikipiki zilizidi kuingia nchini tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa zile za chini ya cc 250. Nyingi sasa ni kuukuu. Hatusemi ya zamani ni mbovu, la! Iliyobadilishwa oili kwa wakati na kukazwa cheni huishinda mpya isiyotunzwa. Mkaguzi hutazama breki, matairi, taa na stelingi. Rangi inayong'aa haimdanganyi.

Lakini kasoro zikionekana, nani alipe? Wenzetu wengi hawana pikipiki zao. Kila jioni humpelekea tajiri fedha zake, mvua au jua. Naye huwaambia, "Wewe ndiye umeilisha." Hiyo si haki hata kidogo. Fedha zile ndizo kodi ya chombo, na mwenye kupokea kodi ndiye hutengeneza. Petroli na pancha tutalipa wenyewe, hatukatai.

Basi mwanachama akipewa karatasi ya kasoro asiifiche mfukoni. Amwonyeshe tajiri siku ile ile, na nakala amletee katibu. Mpaka breki zibadilishwe, asiteremke na abiria njia ya Magadi.