Watu wa Brussels Hawajaacha Kutembeleana

Kila mwisho wa Agosti, wageni wanapopanda ndege kurudi Kinshasa, Bujumbura, Kigali au Entebbe, wengi huondoka na hukumu moja midomoni: Ulaya hakuna undugu. Ndugu zetu wa Brussels wamegeuka Wazungu, ukitaka kuwaona upige simu kwanza, upangiwe siku, uambiwe hata saa ya kufika. Hakuna anayebisha hodi, hakuna anayepita tu kusalimia, kila mtu na mlango wake. Maneno hayo husemwa Bukavu, husemwa Mombasa na Dar es Salaam, na kibaya zaidi husemwa na sisi wenyewe tunaoishi huku, kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi. Mimi naipinga hukumu hiyo kwa sababu si ya kweli na kwa sababu inawaumiza watu wasio na kosa. Kutembeleana hakujafa Brussels. Kumehama mahali, kumebadilisha saa, kisha kukawekewa bei na karatasi. Anayedai kwamba kumekufa kwa kuwa mioyo imepoa anawaachia wahusika halisi waende zao bila kuulizwa lolote.

Tuanze na mtaa ambao wengi wanaujua kwa jina tu. Matonge uko katika manispaa ya Ixelles, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Porte de Namur, na jina lake limechukuliwa kutoka Matonge ya Kinshasa. Mgeni akiambiwa kwamba huu ni mtaa wa Wakongo hudhani Wakongo ndio wanaolala humo. Sivyo. Wengi wa wanaouchangamsha wanalala Molenbeek, Anderlecht, Schaerbeek au Evere, wengine Leuven na Liège, na usiku hurudi makwao. Tangu mwanzo mtaa huu umejengwa na wanaokuja na kuondoka. Mwaka 1961 ilifunguliwa Maison Africaine, katika rue d'Alsace-Lorraine, kuwapa malazi wanafunzi kutoka Kongo. Wanafunzi wakavuta jamaa zao, jamaa wakavuta wafanyabiashara, na katika miaka ya 1970 na 1980 Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, wenye uwezo waliokuja kupumzika na kununua bidhaa wakawa wateja wa saluni na maduka ya Galerie d'Ixelles. Wengi wao hawakuwa na nia ya kuhamia Ubelgiji. Walikuja, wakaonana na watu, wakarudi. Matonge ni sebule ya watu ambao sebule zao wenyewe hazitoshi, na hilo ndilo jambo ambalo mgeni wa Agosti halioni, kwa sababu anausubiri undugu mlangoni mwa fleti.

Ingia Galerie d'Ixelles Jumamosi ya Julai, mchana. Mwanamke anayesukwa atakaa kitini saa nne au tano, na katika saa hizo atapokea wageni wengi kuliko ambavyo angeweza kuwapokea nyumbani kwake kwa mwezi mzima. Dada yake ametoka Paris kwa treni, safari isiyofika saa moja na nusu, amekuja moja kwa moja na begi lake. Binamu wa Rotterdam anachungulia, anaona kumejaa, anaingia hivyo hivyo. Mama mmoja wa kanisani anapitisha daftari la michango ya matanga. Simu inawekwa spika, watu wa Bukavu wanasalimiwa na saluni nzima, na msusi naye anaulizwa mama yake aliyelazwa anaendeleaje. Nje, kwenye chaussée de Wavre, duka limepanga makayabu (samaki wa chumvi), ndagala (dagaa) na sombe (kisamvu) iliyogandishwa, na mteja aliyenunua pakiti moja anasimama mlangoni nusu saa kwa sababu amekutana na mtu waliyesoma naye Lubumbashi. Hatua chache mbele, rue Longue Vie haina magari na viti vya migahawa vimejaa njia. Hapa hakuna aliyealikwa wala aliyepanga miadi. Mwishoni mwa Juni, siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30, na ile ya Burundi na Rwanda, tarehe 1 Julai, zinapokaribiana, msongamano huzidi. Huko kupita tu na kusalimia ambako mgeni analalamika kuwa amekukosa kupo hapa, mchana kweupe, na kumekuwapo kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa nini basi mwanamke huyo huyo, akiwa nyumbani, anataka upige simu kwanza? Angalia kazi yake kabla ya kuuhukumu moyo wake. Utafiti uliotolewa na Wakfu wa Mfalme Baudouin mwaka 2017 kuhusu Wabelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi ulionyesha kuwa takriban asilimia 60 wana elimu ya juu, na bado wengi wanafanya kazi zilizo chini ya vyeti vyao au hawana kazi kabisa. Kwa wengi maana yake ni zamu: kusafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika, kulinda maghala usiku, kuwageuza na kuwaogesha wazee katika nyumba za kulelea. Muuguzi aliyemaliza zamu saa moja asubuhi amelala fofofo saa nne, na hodi yako ya upendo inamnyang'anya usingizi wa pekee atakaoupata siku hiyo. Fleti yake ina vyumba viwili na iko ghorofa ya nne. Jirani wa chini anasikia kiti kikivutwa, na kelele zikizidi saa nne usiku ana haki ya kuwaita polisi. Kupiga simu kabla ya kwenda kwa mtu wa namna hiyo ni adabu, sawa na ile ya kubisha hodi na kusubiri kuitikiwa. Kisha kuna kalenda. Tangu mwaka 2022 shule zinazofundisha kwa Kifaransa hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, ilhali zile za Kiholanzi hufunguliwa tarehe 1 Septemba, na Brussels ina zote mbili, kwa hiyo nyumba yenye mtoto huku na mtoto kule imepoteza sehemu ya majuma ambayo watu wote wako huru. Wajenzi nao hupewa likizo yao ya wiki tatu kuanzia Julai, wapende wasipende. Safari za mwaka mzima zinasukumwa ndani ya majuma machache, na mgeni anayetua katikati ya Agosti anamkuta mwenyeji ambaye tayari ameshapokea watu wa Paris na wa London, amewaachia vitanda vya watoto, na amebakiwa na siku mbili za likizo.

Kwamba nyumba na umbali huweza kukata miguu ya ndugu bila moyo kubadilika si wazo langu tu. Michael Young na Peter Willmott, katika utafiti wao wa London ya Mashariki uliochapishwa mwaka 1957, walizikuta familia za wafanyakazi wa Bethnal Green zikiingia na kutoka nyumbani kwa mama zao kila siku. Familia zilizohamishiwa mtaa mpya wa serikali nje ya jiji zilianza kuonana kwa nadra. Walikuwa watu wale wale, Waingereza wale wale. Kilichobadilika kilikuwa nauli, umbali na mpangilio wa nyumba. Wala si lazima twende London. Mtu wa Bunju na ndugu yake wa Gongo la Mboto, wote wakazi wa Dar es Salaam, mara nyingi huonana msibani na harusini, na hakuna anayesema wamegeuka Wazungu. Watu husema: foleni. Nairobi nako, mtu wa Rongai ana udhuru mzuri wa kutomwona shangazi yake wa Ruiru, na udhuru huo hukubaliwa bila mjadala. Ni mtu wa Brussels tu anayenyimwa udhuru ambao kila mkazi wa jiji kubwa anapewa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: lakini Ulaya ni Ulaya, hata wenyewe hawajuani. Nitakumbushwa joto la Agosti 2003, lililoua watu takriban 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao, na Ubelgiji pia ikazika wazee wake. Pingamizi hilo ni zito na silikwepi. Ila tuutazame msiba wenyewe. Wengi wa wazee waliofia nyumbani walikuwa katika vyumba visivyopitisha hewa, baadhi chini kabisa ya mapaa, wakati nchi nzima iko likizoni, madaktari wao wakiwemo. Baadaye Ufaransa ikapitisha sheria ya kuwataka mameya waweke orodha ya wazee wanaoishi peke yao ili wafuatiliwe joto likipanda, jambo ambalo nchi isiyojali haijisumbui nalo. Na hao Wazungu wenyewe, ambao jina lao tumeligeuza kuwa tusi la moyo baridi, ni nani aliyewaangalia wakiwa kwao? Kila tarehe 9 Agosti watu wa Brussels hubeba mti wao wa Meyboom kwa ngoma na matarumbeta hadi kona ya rue des Sables na rue du Marais, na lazima uwe umesimama kabla ya saa kumi na moja jioni. Maonyesho ya Foire du Midi huwajaza watu barabarani tangu mwaka 1880. Kiangazi, wakazi wa mitaa ya kawaida huomba manispaa iwafungie njia magari yasipite, watoto wakacheza katikati ya barabara huku wakubwa wakitoa viti na vinywaji nje. Sikukuu ya majirani, iliyoanzishwa Paris mwaka 1999 na kuenea hadi Ubelgiji, ilizaliwa na wasiwasi huo huo tulio nao sisi. Mtu akisema nimekuwa Mzungu kwa sababu sikumfungulia mlango saa nne asubuhi, amemkosea Mzungu na amenikosea mimi.

Pingamizi la pili lina ukweli zaidi. Wapo wanaojificha. Wapo wanaosikia kwamba mjomba amefika na simu zao zikazimika. Sitawatetea wote, lakini wengi wa hao wanakimbia aibu. Mgeni wa kiangazi anatarajiwa kupokewa uwanja wa ndege, kulishwa, kutembezwa, na kurudishwa na masanduku yaliyojaa, na mwenyeji aliyepoteza kazi Mei hana namna ya kulisema hilo kwa mtu aliyesimuliwa miaka yote kwamba Ubelgiji pesa zipo. Huyo anahitaji kuulizwa hali yake ya kweli, na sisi tumezoea kumuuliza zawadi. Upo pia ukimya ulioletwa na vita vya mashariki mwa Kongo. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, watu wa Kivu walioko Brussels wana majina ya ndugu ambayo hawataki kuyataja mbele ya kila mtu, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, njia ya kwenda kuwazika wazazi ikafungwa nayo. Mtu aliye katika hali hiyo akikosa kuja kusalimia, subira ni haki yake.

Sasa tuje kwa anayezuia kutembeleana kwa kweli, maana yupo na ana anwani. Kwanza ni kodi ya pango. Matonge uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Bunge la Ulaya, na kila jengo linalokarabatiwa kwa ajili ya wapangaji wenye mishahara minono linasogeza ukingoni saluni na maduka yanayohifadhi mikutano niliyoieleza. Anayetaka watu waendelee kupita na kusalimiana aangalie kwanza kama mlango wanaopitia utakuwapo. Lakini kizuizi kikubwa ni cha mbali zaidi, na kinawahusu wazee. Bibi wa Bukavu anayetaka kumwona mjukuu wake akibatizwa Agosti analipia ombi la visa, euro 90 tangu Juni 2024, na akikataliwa hazirudishwi. Anatakiwa bima ya safari ya angalau euro 30,000. Mwanawe, kama ndiye mdhamini, anakwenda manispaa na hati zake za mshahara na kutia sahihi fomu iitwayo Annexe 3bis, ambayo inamfunga kwa miaka miwili kulipa gharama za matibabu, malazi na za kumrudisha bibi kwao zikitokea. Hakuna desturi yetu yoyote iliyowahi kumdai mwenyeji ahadi nzito namna hii kwa ajili ya mgeni wa wiki sita, na watu wanaitia sahihi, kila mwaka, wengine wakiwa na mishahara ambayo ni shida kukubaliwa. Hao ndio tunaowaita waliosahau ndugu.

Na bado bibi anaweza kukataliwa kwa sababu iliyochapishwa tayari kwenye fomu, kwamba kuna shaka kuhusu nia yake ya kuondoka kabla ya visa kwisha. Kuwa na watoto Ubelgiji, jambo ambalo ndilo sababu ya safari yenyewe, huweza kusomwa kama dalili kwamba hatarudi. Rufaa ipo: ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa, mbele ya baraza la kesi za wageni, Conseil du contentieux des étrangers. Baraza hilo haliwezi kutoa visa. Linaweza kuufuta uamuzi tu, na likiufuta, faili hurudi katika idara ile ile ya uhamiaji iliyokataa, lianze kusomwa upya, wakati ubatizo wa Agosti umeshafanyika.