Mofini isiishie Mwanza

Safu hii huzungumzia zaidi usafi na kinga. Leo tumwangalie mgonjwa ambaye kinga imeshampita na tiba ya kumponya haipo tena. Hapa Segese tunao. Wapo kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa nchi hii, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshaenea. Wapo wachimbaji waliovuta vumbi la mawe miaka mingi kwenye maduara na makarasha hadi mapafu yakakakamaa. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa.

Hawa huambiwa warudi nyumbani. Wanarudi na nini? Mara nyingi ni vidonge vya parasetamoli, ambavyo kwa saratani iliyofika kwenye mifupa havifui dafu.

Huduma wanayostahili inaitwa tiba shufaa. Sisi tuliopita madrasa tunaijua shufaa kwa maana ya uombezi, na naona jina limefaa, maana mgonjwa huyu anahitaji wa kumsemea. Tiba hii haiharakishi kifo wala haikicheleweshi. Inapunguza maumivu, inatuliza pumzi, inamwezesha mtu kulala, kuongea na wanawe, kuusia, kueleza madeni yake na kuswali kwa kadiri awezavyo.

Dawa yake kuu ni mofini ya maji. Unga wake huchanganywa na maji safi, hutiwa chupani, na mgonjwa hunywa nyumbani kila baada ya saa nne pamoja na dawa ya kulainisha choo. Si dawa ya gharama kubwa. Wenzetu wa Uganda, ambako Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, walibadili kanuni zao mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuiandika. Waliona madaktari ni wachache na wengi wako mijini.

Kwetu, Ocean Road ya Dar es Salaam na Selian ya Arusha zimeifanya kazi hii miaka mingi. Lakini Dar ni karibu kilomita 1,000 kutoka hapa, na hata Bugando, Mwanza, ni safari ngumu kwa mtu asiyeweza kukaa kitako. Kuna familia zinauza ng'ombe kwa ajili ya nauli ya kufuata chupa tu.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Hofu yangu ni kuwa mipango itapimwa kwa majengo na mashine. Mashine za mionzi tunazihitaji, sibishi. Lakini kwa mgonjwa niliyemtaja, mpango mzuri ni mofini kwenye kituo cha afya, ndani ya kabati la kufuli lenye daftari lake, tabibu na muuguzi waliofunzwa na kuruhusiwa kuiandika, mhudumu wa afya wa jamii anayelipwa kumfuata nyumbani, na bima inayolipia siku hizo kama inavyolipia za wodini.

Watu watasema itaibwa, na huku machimboni hofu hiyo si ya bure. Ndiyo maana nikataja kufuli na daftari, na chupa tupu irudishwe kabla ya kupewa nyingine. Wengine huuliza kama si kileo. Wanazuoni wengi huiruhusu kwa mgonjwa mwenye haja, kwa kipimo cha mtaalamu. Muulize sheikh wako.

Wakati tukisubiri, mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yakapoa, na kikinuka mweleze tabibu, kwani ipo dawa ya harufu. Asiyeweza kutumia maji atayamamu.

Kamati ya kituo chetu cha afya ina wawakilishi wa wananchi. Kikao kijacho waulizwe kama mofini itakuwemo katika oda ya Bohari ya Dawa.