Mwaka Ulioandikwa Juu ya Sarafu

Juma hili twaacha kidogo habari za masomo ya watoto, ili tumjibu jamaa mmoja aliyetuuliza kama sarafu kuukuu za babu zetu zaweza kuuzwa kwa bei njema. Zaweza. Lakini mwenye kukusanya sarafu halipii madini peke yake, hulipia na mwaka. Na penye bei ndipo hila hupenda kukaa.

Mjane mmoja wa hapa Bunia alitujia na faranga 5 ya fedha, aliyoiacha babu wa marehemu mumewe. Sarafu za namna hiyo zilipigwa zamani za mfalme Léopold II, kwa miaka minne tu: 1887, 1891, 1894 na 1896. Basi ukionyeshwa yenye mwaka 1890 au 1895, usisumbuke kutafuta kioo, mrudishie mwenyewe. Ya mama huyu ilionyesha 1891. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba kwa mwaka huo angempa fedha za kutosha karo ya watoto wawili.

Tuliipeleka kwanza kwenye mzani wa dhahabu, nao mjini kwetu haukosekani. Sarafu hiyo ikiwa mpya ina gramu 25. Hii ilipungua kidogo sana, kama ipasavyo sarafu iliyopita mikononi mwa watu. Mzani haukuona kosa, maana fedha ilikuwa fedha kweli. Ndipo tukachukua kioo cha kukuzia cha shule, tukaiinamisha sarafu kwenye mwanga wa dirisha, kwa kuwa mwanga wa ubavuni hufichua yale ambayo mwanga wa utosini huyaficha.

Katika 1891 mna 1 mbili, nazo yapasa zifanane kama mapacha. Ile ya kwanza ilikuwa na kichwa chake na unene wake. Ile ya mwisho ilikuwa nyembamba, haina kichwa, tena imesimama mbali mno na 9. Kushoto na kulia kwake uso wa sarafu ulikuwa umebonyea, una mikwaruzo midogo ya kuelekea upande mmoja, na uchafu wa miaka mingi, ulioganda pembeni mwa tarakimu nyingine zote, hapo haukuwapo. Mtu alikuwa ameikuta 4, akaikata mikono kwa patasi ndogo, akaacha mguu wake tu.

Mama alinyamaza. Kisha akamwita mwanawe wa kwanza, ajifunzaye kazi kwa sonara. Kijana hakukana. Alisema mnunuzi alipoiona mara ya kwanza aliidharau 1894, akamsifia 1891. Naye kwa huruma ya wadogo zake akafanya aliyoyafanya usiku mmoja. Hatukuwa na moyo wa kumkaripia sana. Lakini sarafu iliyodumu zaidi ya miaka mia bila doa ilikuwa imeharibika kwa kazi ya saa moja.

Hila hii si ya kwetu tu. Marekani mwaka 1943 shaba iliadimika kwa sababu ya vita, hata senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache zilizopigwa kwa shaba kwa bahati mbaya zina thamani kubwa mno leo. Basi walaghai huchukua senti ya shaba ya 1948, wakaikata 8 upande wa kushoto iwe 3. Wengine huipaka shaba ile ya chuma, nao hufichuliwa na sumaku. Mwaka huohuo, huko Philadelphia, ndiko zilikopigwa faranga 2 za Kongo zenye pande sita ambazo wazee wetu walizitumia.

Sarafu nyingine ina mwaka wa kweli, nayo yenyewe ni ya uongo. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga huko Tabora rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo, mwaka na herufi T. Tarehe 19 Septemba mwaka ule jeshi la Kongo liliingia Tabora, kwa hiyo si ajabu mtu wa Ituri kusema, “Babu alirudi nayo.” Pengine ni kweli. Lakini ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Ya shaba ya manjano yenye ukubwa uleule hukaribia nusu yake tu. Iliyosubiwa katika kalibu nayo huonyesha vishimo vya mapovu, na tarakimu zake ni butu kama sabuni iliyotumika.

Tena twawasihi msizisugue sarafu kwa mchanga wala majivu. Mng’ao huo hupunguza bei, nao humtia mnunuzi shaka.

Mjane yule alituuliza, “Mwalimu, nikimwuzia bila kusema neno, naye asipotazama?” Tukamjibu kwamba kunyamaza huko kungekuwa patasi ya pili. Siku ya tatu alikwenda, akamwonyesha mnunuzi ile 1 ya mwisho kwa kidole chake mwenyewe. Alipewa bei ya fedha kwa uzito wake, nayo haikutosha hata karo ya mtoto mmoja. Iliyopungua, kijana anailipa kidogo kidogo kutoka katika ujira wake wa kila juma.