Usione Vyaelea, Vimeundwa

Mtu wa pwani akifika Nakuru, jiji la Bonde la Ufa lililopewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, haimchukui muda kujua kwamba wenyeji wa huko wapenda magari. Hivi karibuni tulisali alasiri katika mtaa wa Bondeni, ambako Waislamu wamekaa tangu zamani, na baada ya sala tukaketi kwenye benchi nje ya gereji moja tukingoja gari letu lirekebishwe breki. Walikuwapo wanaume kama saba hivi, vijana kwa wazee, na mazungumzo yalikuwa juu ya Mercedes. Mmoja akausifu mlango wake unavyofunga pasi na kelele. Wa pili akasema hakuna gari kama Jaguar ya zamani, yenye mbao iliyong'arishwa mbele ya dereva. Wa tatu akaapa kwamba aliyewahi kukalia viti vya ngozi ya kweli hawezi tena kustahamili vya plastiki.

Kutoka ngozi ya viti, maneno yakahamia ngozi ya viatu. Ikawa sasa ni viatu vya Italia na vya Uingereza: soli iliyoshonwa kwa uzi, wala si kugandishwa kwa gundi, kisigino kilichopangwa ngozi juu ya ngozi, kiatu cha kuvaliwa miaka ishirini, kikabadilishwa soli na kuendelea. Tukastaajabu jinsi walivyojua mambo. Watu hawa hawakuwa matajiri, lakini macho yao yalitambua kazi nzuri.

Sasa msomaji atusikilize. Hatua chache kutoka benchi lile aliketi mzee mmoja, fundi wa viatu, na msharasi wake, uzi wake na kipande cha nta. Alikuwa akiurudishia mshono kiatu cha mmoja wa wasemaji wale. Kazi ilipokwisha, mzee akataja bei. Yule bwana, ambaye kwa saa nzima alikuwa akiusifu mshono wa fundi wa Italia asiyemjua, akamaka. "Mzee wangu, shilingi mia kwa kushona tu?" Wakavutana hata mzee akakubali hamsini. Hakusema neno. Akainama akachukua kiatu kingine.

Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Hatukuja kuwalaumu watu kwa kupenda gari zuri au kiatu kizuri. Wako wenye kudhani kwamba uchamungu ni kuvaa vikuukuu, na kwamba anayependa kitu safi amekwisha potea. Sivyo tulivyofunzwa. Yamepokewa mapokezi mashuhuri ya kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Jawabu lake lilikuwa kwamba Mwenyezi Mungu apenda uzuri, na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Viatu vilitajwa hasa katika swali hilo. Na imepokewa pia kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akishona viatu vyake nyumbani. Basi mizani tunayo tayari: kupenda kiatu si kosa, kosa ni kumdharau aliyekishona.

Tuitazame historia ya magari katika nchi hii, nayo yatoa fundisho hilo hilo. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953. Mercedes ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961, na mwenye haki apewe haki yake. Lakini mwaka 1979 kampuni hiyo ilileta gari lake kubwa la kifahari, 450 SLC, likiendeshwa na Hannu Mikkola wa Finland. Lilishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Shekhar Mehta, katika Datsun, gari la aina ambayo mwalimu au karani angeweza kulitamani. Na kabla yake alikuwapo Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, aliyekulia katika ufundi wa magari. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Aliyajua magari kwa sababu mikono yake ilikuwa imeyafungua na kuyafunga. Mashindano hayo yaliporudi katika daraja la dunia mwaka 2021, kambi yake ikawa Naivasha, na vijana wa Nakuru wajipanga kando ya vumbi la Elementaita kuyatazama. Washangilia madereva. Ni wangapi wawashangiliao mafundi wanaobadilisha gia usiku?

Hata barabara yenyewe yasema. Anayeshuka bondeni kwa njia ya Mai Mahiu apita penye kanisa dogo kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka Waitaliano wa vita vikuu, waliotumiwa kuichonga njia ile kwenye genge. Leo magari ya fahari yateremka hapo, dereva kavaa kiatu cha Italia, wala hakumbuki kwamba mkono wa Mwitaliano, tena wa mfungwa, ndio uliomlainishia njia.

Lugha yetu nayo haikunyamaza. Baada ya uhuru, wananchi waliwaona wakubwa wao ndani ya magari ya Mercedes, wakawabunia kabila jipya: Wabenzi. Neno hilo limesafiri hata likaingia vitabuni ng'ambo. Lilikuwa dhihaka, lakini lilikuwa pia onyo, kwamba mtu aweza kuacha kujulikana kwa jina la babake na mji wake akajulikana kwa chuma alichopanda. Hatari ya siku hizi ni kwamba wengi wataka kuwa Wabenzi kwa mkopo. Kijana ana mshahara wa kutosha nyumba na ada ya watoto, lakini achukua deni ili aonekane. Gari laja kabla ya kiwanja, na riba yaja kabla ya gari. Nasi Waislamu twajua riba ni nini.

Watu wa pwani tusidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Magari hayo yapita kwetu kwanza. Yateremshwa bandarini Mombasa, mengi yao ya mitumba kutoka Japani, kisha yapandishwa bara. Mombasa kuna na kiwanda cha kuunganisha magari tangu miaka ya 1970, na vijana wetu wamefanya kazi humo. Na katika viatu, sisi tulikuwa na yetu. Nani mwenye umri wa kutosha asiyekumbuka makubadhi ya ngozi yaliyokatwa kwa mguu wa mtu mwenyewe, au mtalawanda wa kuendea kutia udhu? Watu wa Bonde la Ufa nao wana akala, kiatu kilichokatwa kwa mpira wa gari uliokwisha. Tairi likishindwa kwenda barabarani, mguu walipeleka mbele miaka mingine. Huo ni ufundi, na ni akili.

Na malighafi tunayo. Bonde la Ufa ni nchi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na Nakuru kuna viwanda vya kudabighi ngozi. Vitabu vyetu vya fiqhi vimeieleza kazi hiyo karne nyingi: ngozi ya mnyama huwa tohara kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Hili lina maana hata leo, kwani viatu vingine vya ng'ambo hutiwa ngozi ya nguruwe kwa ndani, na mnunuzi huvutwa na jina asiulize. Ukienda kwa fundi wa mtaani kwako waweza kumwuliza ngozi hii ni ya nini, naye akakujibu kwa kinywa chake. Lakini sisi twaziacha ngozi nyingi zitoke nchini zikiwa zimetengenezwa nusu, kisha twanunua viatu vya mitumba vilivyokwisha valiwa na wengine.

Wafanye nini basi wapendao magari na viatu? Waendelee kuvizungumza, kwani mtu asiyejua kizuri hawezi kukidai. Lakini kwanza wamlipe fundi wao bei yake pasi na kumdhalilisha. Pili, mzazi ambaye mwanawe ana mkono mwepesi asimwonee haya akitaka kwenda chuo cha ufundi, kwani mshoni na makanika ni watu wa heshima. Tatu, serikali za kaunti zinazosema sana habari ya viwanda ziwape mafundi hawa mahali pa kukaa penye paa, na masoko ya kuuzia, kabla ya kukata utepe mwingine.

Wazee wetu walipoviona vyombo vikielea baharini hawakusifu bahari. Waliwakumbuka waundi. Nasi jioni ile Bondeni, ilipoadhiniwa magharibi, sote tuliinuka twende msikitini, na mzee fundi akafunga kibweta chake akatufuata. Mlangoni viatu vyote viliachwa pamoja, cha ng'ambo na cha akala. Tulipotoka, yule bwana wa shilingi hamsini alikiona kiatu chake chapo, na mshono ule mpya ulikuwa umenyooka barabara. Akasimama akautazama. Kisha akamngoja mzee atoke.