Si Gesi Iliyokwisha, ni Ukuta

BARAZANI, na Mwanakheri Haji

"Bi mkubwa, gesi imekwisha. Tukujazie?"

Maneno hayo yalisemwa Jumanne, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofani kwa jirani yangu wa tangu utoto. Aliyeyasema ni kijana wa kampuni ya viyoyozi aliyesimama juu ya kiti, mtungi wake ameuweka kwenye mkeka. Shikamoo alishatoa, adabu alikuwa nayo. Mwenye nyumba akashika pochi bila ubishi. Risiti zake, anazozitia kwenye mtoto wa meza, zinaonesha kuwa hii ni mara ya tatu kujaziwa gesi tangu Ramadhani.

Nilikasirika, na hasira yenyewe bado ninayo.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi. Si mafuta ya taa ndani ya kandili, kwamba ukiwasha usiku asubuhi utakuta yamepungua. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani kwenda kulitupa nje, kisha inarudi. Mashine iliyofungwa vyema hukaa miaka mingi na gesi ileile. Ikipungua, basi pana mahali inavuja, na anayejaza bila kupatafuta mahali hapo anajua kwamba atarudi.

Nikamuuliza: "Mwanangu, inavujia wapi?"

Akatazama dari. "Bibi, za huku Mjini zote ndivyo zilivyo. Nyumba hizi zina unyevu."

Nikaomba sabuni ya unga na kibakuli cha maji. Mashine ya nje imefungwa karibu na dirisha, mkono unaifikia. Tulipopaka povu kwenye viungo vya mabomba ya shaba, nati moja ikaanza kutoa vipovu, kimoja baada ya kingine, mbele ya macho yetu sote. Sabuni ya kufulia imefanya kazi ambayo kampuni imelipwa mara mbili bila kuifanya. Kijana akanijibu kwa upole: "Sisi tumeambiwa tujaze tu, Bibi."

Kwa hiyo simlaumu yeye. Namlaumu aliyemtuma, ambaye alipigiwa simu palepale na akatoa hukumu ya nyumba asiyoiona: mama anunue mashine kubwa zaidi, ya BTU 24,000, na ukuta wa chumba upigwe lipu ya saruji "ili unyevu usipite".

Chumba chenyewe ni chembamba kama vyumba vyote vya nyumba za mawe. Upana wake umepangwa na boriti, na boriti za mikoko haziruhusu chumba kuzidi sana mita 3. Ndiyo maana nyumba za zamani za Kuwait na Muscat nazo zina vyumba vyembamba: boriti zake zilipakiwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji. Katika chumba cha namna hiyo, mashine ya BTU 24,000 hupoza hewa kwa dakika chache kisha hujizima. Hewa huwa imepata baridi, lakini maji yake hayajatoka. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuipitisha muda mrefu kwenye mabomba yake ya baridi, mvuke ugeuke maji na kudondoka. Kisichopata muda wa kufanya kazi hakikaushi. Mama angelala ndani ya baridi yenye majimaji, shuka zinanuka kuvu, na umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, unakwenda.

Na maji hayo yanayodondoka yanakwenda wapi? Nilimshika kijana mkono tukatoka kutazama. Bomba la kutolea maji limekatwa kifupi, linamwaga moja kwa moja kwenye ukuta, juu kidogo ya safu ya boriti. Wakati wa masika kiyoyozi kimoja hakishindwi kujaza ndoo kwa siku. Ndoo hiyo jirani yangu anaimwagia nyumba yake mwenyewe, na inayobaki inachuruzika hadi kwenye baraza la watu wa chini. Ndani, mahali hapohapo, lipu imevimba, chumvi imetoka kama unga, na rangi ya mafuta inabanduka vipande vipande.

Sehemu hiyo, mwenye nyumba akakumbuka, iliwahi kupigwa saruji na fundi mwingine kuziba unyevu. Mnaoniita Bi Chokaa sasa mnajua ninakoelekea, na jina hilo nalipokea kwa moyo mmoja.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi. Unanyonya maji na unayatoa. Chokaa inauruhusu kukauka, saruji inauzuia. Ukiupaka saruji, maji hayaondoki, yanatafuta njia nyingine ndani kwa ndani, na chumvi ya matumbawe inakusanyika nyuma ya lipu mpaka iisukume ianguke. Hapo fundi anasema saruji ilikuwa chache, anaongeza. Maji yanaendelea kusafiri hadi yanapofika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Kichwa cha boriti kikioza huwezi kukiona. Na juu ya boriti hizo pana sakafu ya mawe na chokaa, mzigo wa tani na tani. Nyumba zetu haziui watu kwa uzee. Zinaua kwa maji yaliyofungiwa ndani.

Sina ugomvi na kiyoyozi. Jirani yangu ana presha, na joto la Februari likimnyima usingizi ana haki ya kupumzika. Lakini nyumba hizi zilijengwa na watu waliolijua joto letu: dari ziko juu, dirisha linatazamana na dirisha, ua wa katikati unavuta hewa, kichochoro kinajifunika kivuli chenyewe. Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kaskazi ikivuma na joto limepamba, sisi tuliokuwa kwenye nyumba za mawe tulifungua madirisha usiku, tukayafunga jua lilipopanda, tukalala. Jamaa zangu wa nyumba za matofali na mabati walibeba mikeka yao wakaja kwetu. Leo madirisha hayohayo yamepigiliwa mbao ili baridi isitoke, ua umeezekwa kwa plastiki, halafu tunashangaa kuta zinatoka jasho.

Mafundi hawa wamefundishwa kwenye nyumba mpya za matofali. Wanafunga skrubu za zege kwenye mawe ya matumbawe, mashine inatetemeka, skrubu zinalegea, mabomba yanacheza na nati inaanza kuvuja. Wanatoboa tundu la bomba bila kuliinamisha kuelekea nje, mvua inaingia. Kisha wanatuambia kosa ni la nyumba. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985. Naomba wazi: asiruhusiwe mtu kufunga kiyoyozi Mji Mkongwe kabla hajaonesha mahali maji yatakapomwagika, na vyuo vya ufundi viwafundishe vijana ukuta wa chokaa kabla ya kuwakabidhi mtungi.

Jirani yangu hakununua mashine kubwa. Nati imefungwa upya, bomba limerefushwa hadi kwenye mfereji, na fundi wa chokaa ataanza kubandua saruji mvua zikikatika.

Nanyi wenye nyumba za namna hii, akija fundi mwulizeni mambo matatu kabla hajapanda kiti: gesi inavujia wapi, maji yatamwagika wapi, na ukuta huu umejengwa kwa kitu gani. Asiyeweza kujibu, mfungulieni mlango atoke na mtungi wake.