Mwalimu wangu alitaka nimwandikie tasnifu

Wiki iliyopita saa nne usiku nilipata meseji kwa namba sina. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Huyo mtu hata WhatsApp anaweka nukta na mkato mahali pake. Ni mwalimu aliyenifundisha Kiswahili darasa la saba.

"Kijana wangu, habari za jioni. Nasikia unaandikia watu kazi za chuo. Nimebaki na sura ya nne na ya tano. Nitakupa elfu kumi na tano."

Mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kile sijawahi sema hapa ni vile nilikuwa nalipa kodi ya nyumba baada ya hapo. Nilikuwa naandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Kenya inajulikana duniani kwa hii biashara, mpaka 2024 ilitolewa filamu, The Shadow Scholars, ambayo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anakuja kukutana na waandishi wenyewe. Mimi nimeandika kurasa kumi na mbili kuhusu kuuguza wazee Ohio, na sijui Ohio iko wapi kwa ramani. Akaunti haikuwa yangu, mwenyewe alikuwa anakula nusu. Halafu ChatGPT ikakausha kisima, nikaingia kwa video.

Kwa hivyo elfu kumi na tano nilizitaka, tusidanganyane. Kodi ya Desemba inakuja.

Lakini hebu muone mwalimu alikuwa anapitia nini kabla hamjamwita mvivu, kwa sababu nimeona vile watu hapa hucheka mtu mzima akisema anasoma masta. Anasomea chuo cha umma. Mgomo wa wahadhiri ulianza katikati ya Septemba ukaisha tarehe 5 Novemba, siku 49, wakidai bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Haki yao, mimi siwalaumu. Ila mgomo ukiisha hakuna anayerudisha zile siku. Muhula unabanwa tu kama nguo ndani ya begi dogo, na kila msimamizi anarudi akipata wanafunzi wote wamepanga laini. Ukimkosa kwa simu, kutoka Isiolo mpaka Nairobi ni karibu kilomita 280, na ukifika mlango unaweza kuwa umefungwa. Asipomaliza muhula huu, analipa karo ya mwingine. Ya huu alitoa kwa mkopo wa sacco.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu, aliyenichapa kwa kunakili insha ya rafiki yangu, anatafuta wa kumwandikia.

Nilimuuliza utafiti wake ni wa nini. Akaniambia ni watoto wa wafugaji, wanachopoteza shuleni ukame ukiingia na familia ikihama na mifugo. Alianza na kibali cha NACOSTI, kisha barua za ofisi za kaunti, kisha akapanda magari mpaka Garbatulla na Merti na madodoso ndani ya mfuko wa plastiki. Amekaa na akina mama waliopoteza mifugo kwa ule ukame mrefu ulioanza 2020. Kuna mmoja alimwambia mtoto wake alirudi shule baada ya mwaka mzima, akakalishwa na wadogo zake, akaacha kabisa.

Sasa hiyo nitaandika vipi? Ohio nilitunga na hakuna aliyeumia, ama ndivyo nilivyokuwa najiambia. (Siku hizi nafikiria kuna muuguzi mahali alifaulu kwa kurasa zangu, na usingizi unaruka.) Lakini Merti si Ohio. Nikitunga sura ya nne ya mwalimu, nitakuwa nimemnyamazisha yule mama, na kesho mtu wa wizara akitafuta ushahidi kuhusu watoto wetu, atakutana na uongo wangu wenye jedwali nzuri.

Nikamjibu: "Mwalimu, shikamoo. Kuandika sitaandika. Lakini Jumamosi nakuja na laptopu."

Nilienda kwake Bula Pesa. Kwa saa sita nimeona kwa nini watu hununua tasnifu. Shemeji alikuja mambo ya kamati ya harusi. Jirani akaleta barua ya mtoto isomwe. Kaka yake akapiga simu mara mbili, anaamini mtu wa masta hakosi pesa. Stima ikapotea saa nane. Na mwalimu kila mara anainuka, anasema "nakuja tu," anarudi baada ya nusu saa. Mwishowe nilimtuma kijana wake akae mlangoni aseme mama amesafiri. Uongo, ndiyo, lakini huo niliweza kuubeba.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu vile aliogopa. Madodoso tuliyaingiza kwa Excel, yeye akisoma, mimi nikichapa. Majedwali nilimfundisha. Maelezo akaandika mwenyewe, kwa sababu nikimuuliza "hapa watu walikuambia nini?" anaeleza dakika kumi bila kupumua. Nikawa namwambia: hayo hayo, andika.

Kuna mtu atanikumbusha kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alienda Leeds kusomea shahada ya pili na hakuimaliza. Najua, hiyo nimejifariji nayo sana. Lakini Ngũgĩ alirudi na riwaya. Mwalimu akiacha, anarudi na deni la sacco.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnitukane mkitaka. Kama una mtu wa masta nyumbani, hii miezi mtoe kwa kamati. Pika. Mpigie msimamizi salamu za heshima ukilazimika. Na wewe mwandishi mwenzangu unayetumiwa zile elfu kumi na tano, uliza kwanza utafiti ni wa nini.

Jana saa tano usiku alituma sura ya nne kwa msimamizi. Tiki mbili, bado za kijivu. Mimi amenitumia mia tano ya bando na ujumbe kwamba nimeandika "shikamoo" mahali pa "marahaba" kwa video yangu ya juzi.